Walitaka Makohozi, Nikawapa Mate

Wanasema mavi ya kale hayanuki. Haya yangu bado yananuka, na ndiyo maana nimekubali kuyaandika.

Juzijuzi walikuja vijana wa utafiti hapa kwetu Kang'ata na masanduku yao ya barafu. Binti mmoja aliyevaa glavu aliniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akaniomba mate. Mate, si makohozi. Alinieleza kwamba wapo watu wengi ambao vijidudu vya kifua kikuu vimelala ndani yao bila kuwaumiza, na mwili uliokutana na vijidudu hivyo hujiwekea askari. Wao wanataka kujua kama askari hao wanaonekana kwenye mate. Bado hawajui, alisema, ndiyo wanatafuta. Nilicheka mpaka nikajishika kiuno.

"Mjukuu wangu, umechelewa," nikamwambia. "Mate hayo mimi niliyapeleka hospitali enzi za Ujamaa, tena nimeyasafisha kabisa. Yakanitia matatani."

Hakunielewa, na sikumlaumu. Nikatema kwenye kichupa chake, na mwili ukanisisimka kwa kinyaa vilevile kama zamani. Mwanangu Zubeda, aliyekwisha kutoa mate yake, alikuwa pembeni akicheka. Ndiye aliyeniambia niandike, kwa sababu kuna mwanamke jirani yetu, mama mwenye mtoto mchanga, anakohoa na anaficha. Basi mama, kama unasoma haya, ni kwa ajili yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue.

Wakati huo tulikuwa ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa. Zamani nyumba zetu Wazigua zilikuwa mbalimbali, mtu akikohoa anakohoa na mbuzi wake. Sasa tulipangwa kwenye mistari, ukuta kwa ukuta, na kikohozi changu kikawa habari ya kila nyumba. Nilikuwa na Zubeda kifuani, ndio anaanza kusimama dede. Mume wangu Mhina alikuwa mtu wa shamba la kijiji tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Nyumba iliongozwa na mama yake, na mama mkwe wangu alikuwa msafi kupita kiasi. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na sufuria zake ungeweza kujitazama uso.

Nilikohoa mwishoni mwa kiangazi nikisema ni vumbi. Vuli ikaja nikasema ni baridi. Jasho la usiku likaloweka kanga zangu, zikanuka uvundo ambao sabuni ya kijiji haikuuweza. Nguo za harusi zikanipwaya. Mhina ndiye aliyesema twende Handeni, na tukaenda, tukakaa kwenye benchi la baraza pamoja na watu waliokuwa wakikohoa kwa zamu.

Pale nilipewa kikopo chenye kifuniko, nikaambiwa nikirudi asubuhi nilete makohozi. Sasa nisikilize, kwa maana kosa hili lilikuwa la wengi. Sisi tulilelewa hivi: mwanamke hatoi kitu kichafu mdomoni mwake mbele ya mwanamume wa watu. Ukipenga, unageuka. Ukitema, unafukia kwa mguu. Mimi nimpelekee bwana mzima aliyevaa koti jeupe uchafu wa kifuani mwangu kabla sijapiga hata mswaki? Nilipoamka nilisukutua kwa maji na chumvi, nikasugua meno kwa mkaa, nikasukutua tena, halafu nikatema kwenye kikopo mate meupe, safi, mepesi kama maji ya mvua. Nikakifuta kwa nje na kukifunika. Niliona nimemheshimu. Nao wanawake niliokaa nao benchini walikuwa wamefanya hivyohivyo, na mmoja alijisifu kwamba ametafuna karafuu kwanza ili yanukie.

Jibu likarudi kwamba hakuna kitu. Tulipewa dawa ya maji ya kikohozi, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu. Nikakohoa masika yote, mtoto yuko kifuani.

Mvua zilipoanza kupungua tulikuwa kwenye palizi ya shamba la kijiji, wanawake tumejipanga mstari mmoja na majembe. Kikohozi kilinishika nikainama, na nilipoinuka niliona damu kwenye majani ya mahindi. Ilikuwa na povu. Wenzangu nao waliiona ikiteleza kwenye jani, na mstari ukakatika, kila mmoja akasogea upande wake. Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu kama unavyomtazama panya aliyefia mtungini.

Jioni ile mama mkwe mwenyewe alimtoa Zubeda kifuani mwangu.

"Usimguse tena," alisema. "Na sahani yako nimeitenga."

Kikombe changu cha bati alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili mtu asije akakosea. Niliona kikombe kile kimesimama peke yake nje, juu ya ua, na nilijichukia mwenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaambiani: unapata kinyaa cha mwili wako. Nilikuwa nikisikia harufu ya pumzi yangu na kutamani kuikimbia.

Nilipelekwa Korogwe, wodi ya kifua. Siku za upepo harufu ya mabaki ya mkonge yaliyooza iliingia madirishani, ikachanganyika na dawa ya kuulia vijidudu, jasho, na yale makopo. Kila kitanda kilikuwa na kopo lake chini. Asubuhi wodi nzima iliamka kwa kukohoa na kutema, huyu anaanza, yule anadakia, na nzi wanasubiri juu ya chandarua. Uji ulikuja wakati huohuo. Kwa wiki ya kwanza sikuweza kuumeza, maana ulikuwa na utelezi, na mimi nilikuwa nimetoka kuona utelezi mwingine.

Bwana wa maabara wa pale alikitazama kikopo changu dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Mama, umesukutua?"

"Ndiyo, baba. Mara mbili."

"Haya ni mate. Mate ninayo na mimi. Nataka makohozi, yatoke huku chini." Akajigusa kifua.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jirani yangu wa kitanda, Yustina, ambaye baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge na hakurudi kwao, alicheka akashika mbavu.

"Mzigua, unatema kama bibi harusi," alisema. "Njoo nje nikufundishe. Usipige mswaki, usinywe kitu. Shika mbavu zako. Vuta pumzi mpaka ifike kitovuni, halafu kohoa kama mtu anayetaka kutapika utumbo."

Nilifanya. Kikatoka kitu kizito, cha kijani, chenye uzi wa damu, kikakaa kwenye kitako cha kopo kama konokono aliyetolewa gambani. Nilitapika papo hapo. Yustina akalifunika kopo kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, "Hongera, umezaa." Jibu la safari hiyo halikuchukua muda. Vijidudu vilikuwamo, tena tele.

Basi zikaanza sindano. Sitaeleza dawa zilikuwa zipi, mtoa dawa anajua kazi yake. Ninachojua ni kwamba matako yangu yakawa magumu kama mbao, nikawa nakaa upandeupande, na sikio langu la kushoto likaanza kuimba wimbo ambao linauimba mpaka leo. Vidonge vilinichafua tumbo. Maziwa nayo hayakujua kwamba mtoto hayupo. Matiti yalivimba, yakawa ya moto, yakavuja kwenye kanga na kuganda, na harufu yake ya uchachu ilinifuata kutwa. Nilikuwa naenda nyuma ya choo kuyakamua chini. Hapo ndipo nilipokuwa nalia, kwa sababu nilikuwa namwaga chakula cha mwanangu chooni.

Mhina alikuja mara chache. Alisimama nje ya dirisha, leso puani, na kuniambia mtoto hajambo, anakula vizuri, mama anamtafunia. Nikishika nondo za dirisha, yeye anaachia. Sikumlaumu sana, ingawa nilimlaumu. Yustina alikuwa akimenya machungwa na kunigawia pande kwa mkono uleule uliofunika kopo langu, nami nilikula. Aliruhusiwa kabla yangu. Sikumwona tena wala sikupata habari zake, na kila ninapomenya chungwa namwombea.

Sindano zilipokwisha, nikaambiwa makohozi yangu sasa ni safi na siambukizi mtu, nirudi nyumbani nimeze vidonge mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Nilirudi vuli ikinyesha. Kikombe chenye uzi mwekundu kilikuwa palepale juu ya ua, kimejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu.

Zubeda alinikimbia. Nilitegemea, lakini kutegemea hakupunguzi. Alijificha kwenye doti ya bibi yake na kunichungulia. Alikuwa amekonda, shingo kama mpini. Wakati wa chakula nilikaa mbali kwenye mkeka wangu wa peke yangu nikaona jinsi anavyolishwa. Mama mkwe alichukua tonge la bada, ugali wetu wa muhogo, akalitafuna polepole mpaka likalainika, akalitoa na kumtia mtoto mdomoni uso kwa uso. Halafu akageuka akakohoa. Akakohoa tena, akajishika mbavu, akatema kwenye majivu ya jiko na kuyafukia kwa kijiti, kwa usafi wake uleule.

Nilikijua kikohozi kile. Nilikuwa nimelala nacho wodi nzima. Nyani haoni kundule: huyu aliyenitengea sahani alikuwa akikohoa tangu mwaka nilioolewa, na nyumba nzima tulikiita kikohozi cha moshi. Sikuwahi kumwonea mtu kinyaa kama nilivyomwonea mama yule siku ile, na mwanangu alikuwa mikononi mwake.

Nilimwambia Mhina. Akatazama chini. "Mama ana kikohozi cha uzee," alisema. "Utamwambiaje mtu mzima habari hizo?"

Nikamwambia mimi mwenyewe, nimepiga magoti. "Mama, nakuomba twende ukapimwe. Mjukuu wako amekonda."

"Amekonda kwa sababu ulimwacha," alijibu.

Nikatoa kopo nililopewa Korogwe, nikamweleza kwamba kama safari ni ngumu basi atie makohozi tu, yatapelekwa. Alirudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka.

"Na mwisho wa hilo kopo uko mkononi mwa nani? Mate ya mtu ni mtu mwenyewe. Akiyapata adui, amekupata."

Hapo nilielewa majivu na kile kijiti. Haukuwa usafi peke yake. Tangu tuhamishiwe kwenye mistari, amezungukwa na majirani asiowajua, na hakutaka hata tone lake lianguke njiani mwa mtu. Wazee wetu wote walikuwa hivyo. Mate ni ya kumbariki mtoto, anayatia mzee kwenye utosi wakati wa safari. Si ya kutiwa kwenye bati na kupandishwa lori.

Siku zikapita, mimi nikimwona mtoto akilishwa, nami nikinyimwa kumshika. Nilianza kufikiria kumwiba nikimbilie kwetu. Kisha asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, bibi anafagia uwanja, Zubeda akaenda peke yake kwenye jiko. Akajishika mbavu kwa vimikono vyake. Akakohoa, kohokoho, akaikunja sura kama kikongwe, akatema kwenye majivu, akaokota kijiti na kufukia. Alikuwa anacheza. Akageuka kututazama, anangoja tucheke.

Hakuna aliyecheka. Ufagio ulisimama. Mama mkwe alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu, nami nikamwona anazeeka mbele yangu.

"Lete hilo kopo," alisema. "Lakini utalibeba wewe. Mtu mwingine asilishike."

"Nitalibeba mimi, mama. Na litachomwa nikiwa nimesimama hapohapo."

Nikamfundisha kama Yustina alivyonifundisha. Nilimshika mbavu kwa nyuma, mifupa yake ikitikisika viganjani mwangu. Alipomaliza alinigeuzia kopo bila kulitazama. Mimi nililitazama, na niliona kilekile cha kwangu.

Nilipanda lori la Korogwe kopo likiwa kwenye mapaja, limefungwa kwenye kitambaa, kuku wa watu wakinidonoa miguu. Kila lori liliporuka shimo, nilisikia kitu kizito kikitikisika ndani, na mate yalinijaa mdomoni nikayameza. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Umebeba asali, mama?" Nikamwambia ni samli. Akasema inanukia. Nikageuza uso nje ili nisicheke na nisitapike kwa pamoja.

Bwana wa maabara alinikumbuka. Alifunua, akachungulia, akafurahi kama mtu aliyeletewa nyama. "Sasa haya ndiyo makohozi," alisema. Nilikaa benchini kutwa. Jibu likawa nililolijua. Kopo lilichomwa uani, nami nimesimama pale mpaka bati likawa jeusi, kama nilivyoahidi.

Mimi na Mhina tukampeleka Zubeda naye Korogwe, akachukuliwa kipimo, cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono. Paliumuka uvimbe mwekundu, mkubwa kuliko ukucha wangu wa gumba. Daktari alisema mtoto hajaugua bado, lakini vijidudu vimo ndani, vimelala. Atapewa vidonge ili visije vikaamka. Tuliambiwa tumsagie kwenye uji.

Mhina akauliza swali lililokuwa kwenye roho ya kila mmoja wetu. "Nani kamwambukiza, daktari? Mama yake au bibi yake?"

"Kikohozi hakina jina," daktari alisema. "Kinakwenda na hewa. Hata hiyo sahani mliyoitenga haina kosa. Fungueni madirisha."

Kwa hiyo sikujua, na sijui mpaka leo. Huenda ni mimi, kwa masika yale niliyokohoa baada ya kupeleka mate yangu ya usafi. Huenda ni yeye. Huenda yeye aliniambukiza mimi siku nilipoingia kama mwali, nami nikavibeba vijidudu vimelala. Tulikaa nyumba moja na swali hilo miaka yote, na mara nyingine liliinuka katikati yetu kwenye mkeka, tukaacha kula. Lakini mama mkwe alipona. Alirudi kutoka Korogwe na matako ya mbao kama yangu, akaishi mpaka akamwona Zubeda anaolewa. Vidonge vya mtoto vilikwisha salama, na askari wake, kama wapo, wamo kwenye mate ambayo yule binti wa glavu alikuja kuyachukua juzi.

Ila nikifikiria ugonjwa wetu, siikumbuki sana siku ya kupona. Naikumbuka siku mama mkwe alipoondoka kwenda kulazwa. Lori lilikuwa linanguruma barabarani, vitu vyake viko kwenye kikapu, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo sikupata kuiona. Akamwita Zubeda. Mzee akisafiri huwaachia watoto baraka, na yeye hakujua kama atarudi. Alimshika mtoto kichwa, akakusanya mate mdomoni.

Nikajitia katikati. Watu wote waliona. Mhina alifungua kinywa kunikemea.

"Si yeye, mama," nilisema. "Mimi. Mimi nimekwisha kula sindano."

Nikapiga magoti nikainamisha kichwa. Akanitemea kwenye paji la uso, mate ya moto yenye harufu ya ugonjwa ninayoijua kuliko jina langu, akayapaka kwa kidole gumba na kusema, "Mungu akuweke, mwanangu." Alikuwa hajapata kuniita hivyo.

Nywele za mikono zilisimama. Lori liliondoka, watu wakaanza kutawanyika, na Mhina akanipa leso yake, ileile ya dirishani. Nikaipokea nikaishika mkononi. Nilisimama barabarani nimeuma meno, nikayaacha mate yale yakauke yenyewe.